Tusomane kwa haki: namna ya kutoa na kupokea maoni juu ya tungo zetu

Mleta uzi

Ndugu wajumbe, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma mashairi na hadithi fupi ambazo wenzetu wanazileta ili zitazamwe, na nimeona kwamba maoni tunayoyatoa yana sura mbili tu. Ya kwanza ni "Hongera sana malenga, kalamu yako isikauke." Ya pili ni "Hujui arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi), nenda kasome kwanza." Ile ya kwanza humfurahisha mtunzi na kumwacha palepale alipokuwa, hii ya pili humvunja moyo, naye vilevile hubaki palepale. Hoja yangu ni kwamba msomaji anayetoa maoni ana kazi moja kubwa, nayo ni kumweleza mtunzi kwa uaminifu kilichomtokea yeye alipokuwa akisoma: wapi alivutwa, wapi alikwama, wapi aliacha kuamini, na ni neno au mshororo (mstari wa shairi) upi uliosababisha hayo. Kutengeneza upya ni kazi ya mtunzi mwenyewe.

Ili tusizungumze hewani, mwenzetu mmoja ameniruhusu niutumie ubeti wa kwanza wa rasimu yake. Ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, yenye mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, 8 katika ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 katika utao (kipande cha pili):

*Mkulima wa shambani, anaamka mapema,*
*Jembe lake mkononi, aenda akiinama,*
*Jua kali la mchana, halimpi hata huruma,*
*Kilimo ni uti wetu, wa mgongo wa uzima.*

Yeyote aliyezoea kanuni ambazo Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1954 atasimama kwenye mshororo wa tatu. Kina cha kati (silabi inayofunga ukwapi) cha mishororo miwili ya mwanzo ni "ni", lakini hapa kimekuwa "na". Tena utao una mizani 9 badala ya 8. Hayo ni makosa ya kuhesabika, na kuyataja hakuchukui hata dakika moja. Tazameni, hata hivyo, jambo lililo chini yake. Katika Kiswahili mtu hampi mwenzake huruma, bali humwonea huruma. Mtunzi akiandika "halimwonei huruma", lugha inakaa mahali pake na mizani inarudi kuwa 8 bila ya kulazimishwa. Nimeliona hili mara nyingi: mshororo unaozidi mizani huwa na neno lililokaa upande, na silabi ya ziada ni dalili tu. Kwa hiyo msomaji anayeandika "mizani imezidi" kisha akaondoka amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu ukwapi wa mshororo huohuo, mjumbe mmoja alipendekeza "Jua lile la angani". Kina kimepatikana na mizani imetimia, ila mshororo haukuongezewa kitu, kwa kuwa jua halina mahali pengine pa kukaa. Hayo ndiyo maneno ya kujazia, na ubeti huu unalo jingine mwanzoni kabisa, maana mkulima atakuwa wa wapi kama si wa shambani? Kwa maoni yangu, mizani iliyojazwa kwa neno lisilo na kazi ni kosa zito kuliko mizani iliyozidi kwa silabi moja, ingawa halionekani kwa kuhesabu vidole, na pengine ndiyo sababu ni nadra kumsikia mtu akilitaja.

Kwenye "aenda akiinama" sina kosa la kuonyesha, nina swali tu: anainama kwa uzee, kwa usingizi, au kwa sababu ameanza kuchoka kabla hata ya kufika? Mtunzi huenda anajua jibu na hakuliandika. Huenda pia hakuwahi kujiuliza. Kwa vyovyote vile swali linamsaidia, kwa sababu linamrudisha kwa mtu wake badala ya kumrudisha kwangu.

Tatizo kubwa kuliko yote, nionavyo mimi, liko kwenye mshororo wa nne, ambao ukiuhesabu hauna kasoro. Mizani ni sawa, na kina cha "tu" hakinisumbui, maana kituo (mshororo wa mwisho) huruhusiwa kuwa na vina vyake. Kinachonisumbua ni kwamba mishororo mitatu ya kwanza imenionyesha mtu mmoja aliyeshika jembe, na huu wa nne ukamwondoa mtu huyo ukaniwekea kaulimbiu ambayo sote tumeisikia kwenye hotuba tangu utotoni. Hapo ndipo mimi nilipoacha kumfuata. Sitamwambia mtunzi aandike nini. Nitamuuliza mkulima huyu jioni huishia wapi, anamuuzia nani, na nani anayetaja bei.

Mtaona kwamba nimeanza na makosa madogo kwa sababu ndiyo yanayoonekana haraka, lakini ningekuwa namwandikia mtunzi mwenyewe ningegeuza mpangilio huo. Iwapo mshororo wa nne utabadilika, huenda na wa tatu ukabadilika, na hesabu yangu yote ya silabi ikawa imefanyika juu ya mstari uliokwisha kufutwa. Kwa sababu hiyo ni vyema mtunzi aseme tangu mwanzo kazi yake iko hatua gani. Aliye kwenye rasimu ya kwanza hana haja ya kuonyeshwa mkato uliokosekana. Anayeuandaa muswada wa kuupeleka kwa mchapishaji, au kwenye tuzo kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell au ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, anahitaji mtu wa kumhesabia hadi nukta.

Mchangiaji wa kwanza, Mombasa

Mwalimu, shukrani kwa mada. Naomba niongeze jambo ambalo sisi wa mwambao wa kaskazini tunakutana nalo kila tunapoleta tungo zetu mbele ya wenzetu wa bara.

Niliwahi kuleta shairi nililolitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa niliyolelewa nayo. Msomaji mmoja, mwenye nia njema kabisa, akanirudishia shairi zima likiwa limesahihishwa: kila "ndia" imekuwa "njia", kila "kuteka" imekuwa "kucheka", na kila "mato" yamekuwa "macho". Kwa vile idadi ya silabi haikubadilika, aliamini kwamba hakuharibu kitu. Lakini katika ubeti wa tatu kina changu cha mwisho kilikuwa "to", na neno "mato" lilikuwa limekaa pamoja na "ndoto", "joto" na "moto". Alipoweka "macho" kina kilivunjika, kisha chini yake akaniandikia kwamba vina vyangu si sawa!

Nadhani inafaa wajumbe wakumbuke kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kamati ya lugha ya kusimamia usanifishaji ikaundwa mwaka 1930. Mshairi wetu wa Mombasa, Muyaka bin Haji, alifariki mwaka 1840. Ushairi wa Mvita, Lamu na Pate ulikuwa umekwisha kukomaa kabla ya kuwapo kwa kipimo hicho, na mtu anayetunga kwa lahaja hiyo leo hakosei. Anatumia vifaa vyake. Mimi sikatai kuulizwa. Msomaji akiniambia "neno hili sikulielewa, na kwa kutolielewa nimepoteza maana ya ubeti", hayo ni maoni ninayoyahitaji, na huenda nikaweka maelezo chini ya shairi au nikatafuta neno jingine la lahaja hiyohiyo linaloeleweka zaidi. Kinachoniuma ni kusahihishwa na mtu ambaye hakuuliza kwanza.

Mleta uzi

Ustadh, umelisema vizuri, nami nitalipanua kidogo kwa upande wa hadithi, kwa sababu huko kosa hilihili huvaa nguo nyingine.

Katika hadithi za mjini ninazozisoma, hasa za vijana wa Dar es Salaam, wahusika wengi huzungumza kama wasomaji wa taarifa ya habari. Konda wa daladala anamwambia abiria: "Tafadhali sana ndugu abiria, naomba usogee nyuma ili wenzako nao wapate nafasi." Nikifika hapo gari zima linatoweka machoni pangu, kwa sababu hakuna konda wa namna hiyo kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Konda husema: "Anko, sogea nyuma, gari bado ina nafasi!" Sasa atokee mtunzi aliyeisikia sauti hiyo vizuri na kuiandika ilivyo, kisha msomaji wa kwanza amwambie kwamba upatanisho wa kisarufi umekosewa, kwamba gari ni la ngeli ya LI-YA na ingepasa kuwa "lina nafasi". Kwa sarufi hakukosea. Lakini amekisahihisha kinywa cha konda, na akisikilizwa hadithi itakuwa imepoteza mtu wake pekee aliyekuwa hai.

Maneno hayohayo "gari bado ina nafasi" yakiwa ya msimulizi, naye ni msimulizi anayetumia Kiswahili sanifu katika hadithi nzima, basi msomaji ana haki ya kuyataja. Kabla ya kusahihisha neno lolote, kwa hiyo, ni lazima kujua ni nani anayelisema. Naona wengi wetu tumezoea kusoma kwa kalamu nyekundu ya shuleni, ambako kila sentensi ni ya mwanafunzi na kila tofauti ni kosa, na mazoea hayo hayaondoki kwa urahisi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina shaka na mada hii, na naomba niiseme bila kuzunguka. Tumekuwa laini mno. Wazee wetu hawakuulizana "ulijisikiaje uliposoma". Walipambana. Muyaka wa Mombasa alirushiana tungo na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, na huko Pemba washairi Kamange na Sarahani walijibizana kwa beti ambazo hadi leo tunazisoma. Hata katika gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923 na ambalo lilichapisha mashairi ya Shaaban Robert, washairi waliulizana na kujibizana hadharani. Ukali ule ndio uliowanoa. Leo mtu akiambiwa mizani yake haikutimia anasema amedhalilishwa.

Mleta uzi

Ndugu yangu, mifano yako ni ya kweli na ninaiheshimu, ila naona inathibitisha kitu tofauti na hicho unachokitetea.

Kwanza, mengi ya majibizano hayo hayakuwa ukosoaji wa ufundi. Muyaka na Bwana Zahidi hawakuwa wakielekezana namna ya kupanga vina. Walikuwa wanaiwakilisha miji iliyokuwa na uhasama, na walibishana juu ya vita, heshima na siasa. Anayejibu hoja ya shairi anafanya kazi yake, na anayelisaidia shairi kuwa bora anafanya kazi nyingine.

Pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi katika desturi ile, aliyetaka kumjibu mwenzake alilazimika kutunga. Mara nyingi alimfuata katika bahari (aina ya shairi) ileile na kwa vina vilevile, akaonyesha mbele ya watu kwamba naye anauweza mzigo huo. Ukali wake ulikuwa na gharama. Mkosoaji wetu wa leo analipa nini? Anaandika maneno matatu akiwa kwenye foleni ya benki, na mtunzi aliyekesha wiki nzima akiandika ndiye anayebeba. Kama wewe utamjibu mkulima wetu kwa ubeti wa tarbia wenye ukali wote unaoutaka, nitakuwa wa kwanza kukushangilia.

Tatu, tukumbuke mabishano ya miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, ambayo yalipamba moto zaidi baada ya diwani (mkusanyiko wa mashairi) ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Wapo waliosema kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi hata kidogo, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake kuhusu nini kiitwe shairi katika Kiswahili. Lakini mtu aliyekuwa na msimamo huo hakuweza kumsaidia mtunzi wa shairi huru kulitengeneza shairi lake, kwa sababu alikuwa amekwisha kukataa kile ambacho mtunzi alikuwa anakijaribu. Ukikutana na utungo wa aina usiyoikubali, ni halali kunyamaza na kuwaachia wanaoijua. Na ukiamua kusema, basi usome kwa kipimo cha kile kilichokusudiwa. Shairi huru nalo lina mahali linapokatisha mstari, lina mapigo, lina picha zinazogongana au kushikana, na yote hayo yanaweza kukosolewa kwa ukali bila kuhesabu hata silabi moja.

Kwa hiyo sipingi ukali. Ninapinga ukali usiotaja mshororo.

Mwenye ubeti

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye ubeti uliotumika, na nimesoma yote kwa utulivu. Nilipoambiwa mizani imezidi nilitengeneza kwa dakika tano. Nilipoulizwa mkulima huishia wapi jioni, nilikaa na swali hilo siku kadhaa, nikamkumbuka babu yangu na magunia yake. Mstari wa kwanza bado unanipa taabu, lakini huu wa tatu na kituo nimeviandika hivi:

*Jua kali utosini, halimwonei huruma,*
*Mwisho huuza gizani, kwa bei asoisema.*

Naomba mnitazamie kama "asoisema" imebana mno.

Mleta uzi

Haijabana. Ufupisho wa "asiyoisema" ni wa kawaida katika ushairi na unasikika vizuri ukighanwa, na silabi zake nane zimekaa bila kusukumana. "Utosini" ni bora mara kumi kuliko "la angani", maana sasa jua lina mahali linapompata mtu. Kituo hiki nisingeweza kukuandikia mimi. Sikumjua babu yako. Swali langu moja: "gizani" unakusudia usiku wenyewe, au kwamba anauza bila kujua soko linasemaje? Mimi nimezipata zote mbili na nimezifurahia, lakini angalia beti zinazofuata zisiiue mojawapo.

Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, naomba kuuliza kwa upande wa anayepokea. Hadithi yangu fupi, inayotokea Likoni, Mombasa, niliwapa watu watatu. Wa kwanza alisema mama mkwe ni mkali kupita kiasi, nimpunguze. Wa pili alisema mama mkwe hana nguvu, nimwongezee matendo. Wa tatu alisema mama mkwe aondolewe kabisa. Nimsikilize nani? Na je, si hatari kuweka hadithi nzima hadharani?

Mleta uzi

Dada, usimfuate yeyote kati yao, ila waamini wote watatu katika jambo moja: kila mmoja amejikwaa kwa mama mkwe. Wasomaji huwa sahihi mno wanapoonyesha mahali panapouma, na mara nyingi hukosea wanapotaja dawa, kwa sababu kila mmoja anatibu hadithi ambayo yeye angeiandika. Fungua kurasa zile anamoonekana mama huyo na uzisome kwa sauti. Bila ya kuiona hadithi yako, nakisia kwamba msomaji haelewi mama huyo anataka nini kwa mkwewe. Mhusika ambaye haja yake haijulikani huonekana mkali kwa huyu, dhaifu kwa yule, na wa ziada kwa mwingine. Kama nimekosea, wewe utajua ukisoma.

Jambo jingine ni kutojitetea mapema. Mtu akisema hakuelewa kwa nini binti aliondoka nyumbani, kuna kishawishi cha kumwandikia aya tatu za kumweleza. Usimweleze kwanza. Muulize alidhani ni kwa nini. Jibu lake litakuonyesha hadithi iliyopo kwenye karatasi, ambayo huenda si ile iliyopo kichwani mwako.

Kuhusu kuiweka hadharani, hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika, lakini kumkamata mwizi ni kazi nyingine, na tuzo nyingi na wachapishaji wengi hutaka kazi ambayo haijapata kuchapishwa popote. Soma masharti yao kabla, na kwa sasa toa sehemu tu. Iweke kama maandishi, usipige picha ya daftari, kwa sababu maandishi yaliyo kwenye picha hayanukuliki kwa urahisi na anayetaka kukutajia sentensi huenda ikambidi aichape upya. Wengi wataacha tu. Lete kurasa mbili ambamo mama mkwe anaingia kwa mara ya kwanza, utuambie ni rasimu ya ngapi na unataka tukutazamie nini. Nitazisoma mwishoni mwa juma hili, na namwomba Ustadh wa Mombasa azisome pia, kwa kuwa umesema hadithi inatokea Likoni na mimi sauti za huko sizijui vya kutosha kuzihukumu.